Mtoto anachora ukutani? Kabla hujamchapa, angalia alichochora

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda likizo kwa shangazi yangu Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi mkoani Rukwa. Asubuhi ya siku ya pili niliamshwa na kilio cha mtoto.

Mjukuu wake wa kiume, mwenye umri wa miaka minne na nusu, alikuwa ameokota kipande cha mkaa jikoni na kuuchora ukuta wa mbele. Ni ukuta ambao shangazi alikuwa ameupaka chokaa wiki moja kabla, kwa ajili ya ugeni wangu. Fimbo mbili za mguuni zilikuwa zimeshamfikia.

Nilipotoka nje nikautazama ukuta. Kulikuwa na visanduku vinne, kimoja ndani ya kingine. Pembeni kulikuwa na misalaba mitatu, na chini yake mstari mrefu wa kupanda na kushuka kama meno ya msumeno. Hakukuwa na mtu wala nyumba wala mtumbwi. Yalikuwa maumbo matupu.

“Huyu mtundu, mwanangu,” shangazi aliniambia huku akitafuta kitambaa cha kufutia. “Mwangalie mwenzake pale. Tangu alfajiri ametulia. Yule hajanichafulia ukuta hata siku moja.”

Mwenzake alikuwa binamu yake wa kike, aliyemzidi miezi miwili tu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akitutazama. Majina yao siyataji kwa sababu ni watoto, na kwa sababu sehemu iliyobaki ya makala haya inawahusu wao.

Nilimwomba shangazi asiufute ukuta kwanza. Nikaupiga picha kwa simu. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba michoro ile ilinikumbusha kisa kilichotokea karibu miaka mia moja iliyopita, ng'ambo ya ziwa lile lile. Ya pili ni ya kiafya, na nitaifikia.

Kuta za Bukama

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika ni Kongo. Ukiingia ndani mamia ya kilomita kuelekea magharibi unafika Bukama, mji ulio kando ya Mto Lualaba katika eneo la Katanga, ambako Kiswahili kinasemwa sokoni kama kinavyosemwa Kipili.

Mwaka 1926 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, Georges Thiry, alipita Bukama akaona nyumba za udongo zilizochorwa kutani. Mmoja wa wachoraji aliokutana nao aliitwa Albert Lubaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Mkewe Antoinette naye alikuwa mchoraji.

Thiry alijua kwamba michoro ya ukuta wa udongo haidumu. Mvua ikinyesha, udongo unamomonyoka, na msimu ukiisha nyumba inasiribwa upya. Akawapa karatasi na rangi za maji, akawaomba wachore kile walichokuwa wakichora ukutani.

Baadaye, alipohamia eneo la Kasai, Thiry alikutana na mtu mwingine aliyejulikana kama Djilatendo. Huyu alikuwa fundi cherehani. Lubaki alipenda kuchora watu, wanyama, miti na ndege. Djilatendo alichora hivyo pia, lakini mara nyingi aliacha kabisa kuchora vitu. Alijaza karatasi nzima pembetatu, miraba, vipande vya rangi vilivyopangana na mistari ya kupanda na kushuka. Ukizitazama leo unaona undugu wake na mapambo ya vitambaa vya Wakuba wa Kasai, vile vinavyofumwa kwa nyuzi za mwale.

Karatasi hizo zilitumwa Ubelgiji kwa Gaston-Denys Périer, ofisa wa wizara ya makoloni aliyependa sanaa. Mwaka 1929 zikaonyeshwa Brussels katika jumba kubwa la sanaa, Palais des Beaux-Arts. Mwaka uliofuata zikaonyeshwa Geneva. Watu wa Ulaya walioziona walishangaa. Wakati huo wachoraji wao wakubwa walikuwa wakibishana kama ni halali mchoro kuwa rangi na maumbo tu, bila kuonyesha kitu chochote. Hapo mbele yao palikuwa na kazi ya fundi nguo wa Kasai ambaye hakuusubiri ubishi huo uishe.

Mwisho wa kisa hicho hauna furaha sana. Wachoraji hawakupelekwa kuona maonyesho ya kazi zao, na malipo yao yalikuwa madogo. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano yalikatika, na habari zao zikapotea. Lakini karatasi zilibaki. Mwaka 2015 zilitundikwa tena Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kuanzia mwaka 1926, na mwaka 2022 kazi za Antoinette Lubaki zilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa Venice, katika maonyesho ya sanaa ya kimataifa yanayojulikana kuliko yote duniani.

Jambo ninalotaka ulishike, mzazi mwenzangu, ni dogo tu. Yote haya yaliwezekana kwa sababu mtu mmoja alisimama mbele ya ukuta uliochorwa akautazama, kisha akatafuta karatasi.

Blanketi la viraka

Kuna kisa kingine kinachowafaa akina mama zaidi. Mwaka 1911, huko Paris, mama mmoja mzaliwa wa Ukraine, Sonia Delaunay, alijifungua mtoto wa kiume. Akamshonea blanketi kwa vipande vya nguo vilivyobaki, kama alivyokuwa amewaona wanawake wa vijijini Urusi wakifanya. Vipande vya pembe nne, vya pembe tatu, cheusi kando ya chekundu, cheupe kando ya kahawia. Alipomaliza, yeye na mumewe Robert, ambaye pia alikuwa mchoraji, wakaona kwamba blanketi lile lilikuwa mchoro kamili. Kuanzia hapo Sonia akazidi kuchora kwa maumbo na rangi.

Mwaka 1937 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa na ufundi, na wachoraji hao wawili walipewa kuta za kupamba. Kwa ajili ya banda la usafiri wa anga, Sonia alichora mabango makubwa mno yanayoonyesha pangaboi, injini na vifaa vya ndege, akavigeuza kuwa maduara na vipande vya rangi. Alipata medali ya dhahabu. Blanketi la mtoto limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa, Paris.

Je, mtoto mwenyewe alifaidika na viraka vile? Kwa tunavyojua leo kuhusu macho ya watoto wachanga, inaelekea hivyo. Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, takriban umbali kati ya titi na uso wa mama. Rangi hafifu zinampita. Kinachovuta macho yake ni tofauti kubwa: cheusi kando ya cheupe, mstari mnene, duara lililokolea. Kanga yenye pindo jeusi na jeupe begani mwako ni kitu cha kutosha kwake kutazama. Huna haja ya kununua vya dukani.

Yule asiyechora

Sasa nirudi Kipili. Jioni ya siku ile niliwachukua watoto wote wawili hadi ufukweni, wanawake wanapoanika dagaa. Nikaokota vijiti vitatu, nikawaambia tunacheza mchezo wa kuigana. Mimi ninachora kwenye mchanga, nao wanafuata.

Nikachora duara. Mvulana akachora lake, akalifunga. Nikachora msalaba, akauweza. Nikachora mraba, akatoa ulimi nje kwa bidii, akatoa mraba wenye pembe nne, mmoja ukiwa umelegea kidogo. Akacheka.

Binti alikishika kijiti kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika mchi. Mstari wake ulitetemeka. Duara lake lilianza vizuri kisha likaenda zake, halikurudi lilikoanzia. Msalaba ulimshinda. Baada ya jaribio la tatu alikiweka kijiti chini taratibu, akakaa, mikono mapajani. Mkao ule ule wa asubuhi.

Nilijionya nisikimbilie kuamua. Mtoto ambaye hajawahi kupewa kalamu hawezi kupimwa kama mwenye daftari la rangi. Huenda hajacheza mchezo huu. Kwa hiyo tulirudia kila jioni kwa siku tano. Mvulana alifika kwenye pembetatu. Binti hakulifunga duara.

Siku ya sita nilimuuliza mama yake, polepole, tukiwa tunachambua dagaa, kama mtoto aliwahi kuugua sana. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba alipokuwa na miaka miwili alipata malaria kali, akaingia degedege, akalala siku mbili bila fahamu. Alipozinduka wote walimshukuru Mungu. Wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Hakuna aliyewaambia wamrudishe baadaye aangaliwe anavyokua.

“Tangu pale akawa mpole,” mama yake alisema. “Sisi tukafurahi. Tukasema huyu ana adabu.”

Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikinisumbua tangu asubuhi ile ya chokaa. Katika nyumba ile, mtoto aliyekuwa akikua vizuri ndiye aliyechapwa. Aliyehitaji msaada ndiye aliyesifiwa.

Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuua, na hilo wazazi wengi wanalijua. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba baadhi ya watoto wanaopona hubaki na alama zisizoonekana: mikono isiyotii, maneno yanayochelewa, umakini mfupi, au kifafa kinachoanza baadaye. Mtoto anatembea, anakula, anacheka, kwa hiyo tunadhani yamekwisha.

Umri na maumbo

Wataalamu wa makuzi ya watoto wametumia kwa miaka mingi kipimo rahisi sana: mwombe mtoto aige umbo ulilochora. Ili aweze, lazima macho yaone, ubongo ulielewe umbo, kisha vidole vitii. Kipimo kimoja kinapita sehemu zote tatu kwa pamoja. Kwa kawaida mambo huenda hivi:

Mwaka mmoja na nusu: Anakwaruza tu, bila mpango, na anafurahia alama aliyoiacha.

Miaka miwili: Anaanza kuiga mstari ulionyooka.

Miaka mitatu: Anaiga duara, hata kama limekaa kama kiazi. Muhimu lijifunge.

Miaka minne: Anaiga msalaba. Wengi huanza kuchora mtu mwenye kichwa na miguu inayotoka kichwani. Usimcheke, hiyo ni hatua.

Miaka minne na nusu hadi mitano: Anaiga mraba.

Miaka mitano hadi sita: Anaiga pembetatu.

Miaka sita hadi saba: Anaiga umbo la uru, lile la kwenye karata. Mistari ya kuinama ndiyo migumu kuliko yote.

Tafadhali usiichukue orodha hii kama mtihani wa darasa la saba. Watoto hutofautiana, na kuchelewa miezi michache kwenye umbo moja si ugonjwa. Kwanza mpe nafasi ya kucheza kwa kijiti au chaki kwa siku kadhaa. Mjaribu akiwa ameshiba, hana homa wala usingizi. Na usimlinganishe na mwenzake mbele yake.

Lakini nenda kituo cha afya bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: amefikisha miaka minne na baada ya kuzoeshwa bado hawezi duara, alikuwa anaweza jambo fulani kisha akaliacha, hajafikisha mwaka mmoja na tayari anatumia mkono mmoja tu huku mwingine ukilala, anasogeza uso karibu kabisa na anachochora, haitiki akiitwa kwa nyuma, au aliwahi kupata malaria kali, homa ya uti wa mgongo, degedege la muda mrefu au shida ya kupumua alipozaliwa. Chukua kadi yake ya kliniki. Mwambie mhudumu historia yote, hata kama ni ya miaka mitatu iliyopita, kwa sababu asipoambiwa hawezi kuijua.

Usione haya kuuliza. Tangu mwaka 2021 nchi yetu ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu tumboni hadi miaka minane. Kuuliza kama mtoto anakua sawasawa ni haki yako kama ilivyo kumpima uzito.

Rangi salama jikoni kwako

Mzazi anaweza kusema hana hela ya kalamu za rangi. Sawa. Mchanga na kijiti havina bei. Mkaa uliopoa, chaki, na udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji vinatosha kabisa. Kartoni la sabuni likipasuliwa ni karatasi nzuri. Ukipenda, mtengee kipande cha ukuta wa nyuma, mwambie huu ni wako, ule wa mbele ni wa wageni. Mtoto wa miaka minne anaelewa mpaka akielezwa.

Vipo vya kuepuka. Usimpe mabaki ya rangi ya mafuta ya kupakia milango au mitumbwi, wala usimwache akibandua rangi kuukuu. Baadhi zina madini ya risasi, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Usimpe unga mweusi wa betri zilizokwisha. Na chokaa ya kupakia ukuta, hasa ikiwa mbichi, inaunguza macho. Ikimwingia, mwoshe kwa maji mengi safi yanayotiririka na umkimbize kituoni.

Vidole navyo vinahitaji mazoezi kama miguu. Kufinyanga ng'ombe wa udongo, kumenya karanga, kuchambua dagaa, kusuka ukili na kufunga vifungo vya shati ni shule tosha. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano usiache karanga wala maharage karibu, wanaweza kupaliwa.

Duara lililofungwa

Binti alipelekwa kituo cha afya, na kutoka huko akapewa rufaa kwenda Sumbawanga. Kutoka Kipili ni safari ya kupanda mlima hadi Namanyere kisha kuendelea juu ya uwanda wa Ufipa, na nauli ya watu wawili si kitu kidogo kwa nyumba inayoishi kwa dagaa. Shangazi aliuza mbuzi. Macho yake yalipimwa yakaonekana mazima, masikio pia. Mtaalamu wa utengamao aliwaeleza kwamba mikono yake ni dhaifu na mpangilio wa mwendo wa vidole umeathirika. Akawafundisha mazoezi ya kufanya kila siku nyumbani na kuwapa tarehe ya kurudi.

Hakuahidi muujiza. Aliwaambia wazi kwamba laiti wangekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi, lakini pia kwamba miaka mitano si kuchelewa.

Mvulana ndiye aliyegeuka kuwa mwalimu. Kila jioni anamchorea, naye anafuata. Shangazi alinunua boksi la chaki, akawapa ukuta wote wa jikoni. Wa mbele umepakwa chokaa upya, na mpaka unaheshimiwa, kwa kiasi.

Mwezi wa pili mwaka huu simu yangu ililia nikiwa kazini. Ilikuwa picha kutoka Kipili. Ukuta wa udongo, na juu yake duara la chaki nyeupe, limebonyea upande mmoja kama embe. Nililivuta karibu nikalikagua mzunguko wake wote.

Lilikuwa limefungwa.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari. Ukiwa na wasiwasi kuhusu makuzi ya mtoto wako, fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.